Miji ya Visima: Kutoka Isiolo Hata Ileret

Zamani karani wa serikali aliyeletewa barua ya kuhamishiwa Marsabit au Moyale aliisoma mara mbili, kisha akawauliza wenzake ni kosa gani alilolitenda. Walimwambia habari za joto, za ng'e, na za majambazi wa njiani. Hakuna aliyemwambia kwamba huko kuna mlima wenye ukungu na msitu, wala kwamba kuna ziwa lenye urefu wa kilomita 250 katikati ya jangwa. Akafunga mizigo yake kama mtu aendaye kifungoni.

Siku hizi mambo yamegeuka. Barabara ya lami yatoka Isiolo hata Moyale, mwendo wa kilomita 500 hivi, na kipande chake cha mwisho kilimalizika karibu na mwaka 2016. Abiria apandaye basi Nairobi jioni hulala usingizi, na akifumbua macho yuko mpakani pa Ethiopia. Amevuka nchi nzima asiione. Hapo kale watu walipanda juu ya lori, juu ya ng'ombe na mbuzi, wakishika vyuma kwa siku mbili au tatu, huku askari wenye bunduki wakitangulia. Walichoka, walakini kila mji waliupata kwa jina lake, maana kila mji walishuka kunywa maji.

Na hilo ndilo jambo la kwanza la kujua kwa mtu atakaye kuitembelea kaskazini ya Kenya kwa raha yake. Asiulize kwanza mji una hoteli gani. Aulize maji yake yatoka wapi. Katika nchi ile hakuna mji uliojengwa kwa kupenda mandhari. Penye chemchemi au kisima ndipo watu na ngamia walipokutana, kisha mwenye duka akaja, kisha polisi, kisha misheni na shule. Na mbuga za wanyama ni vivyo hivyo, kwa kuwa ndovu naye anywa.

Mlango wa nchi hiyo ni Isiolo. Kwa miaka mingi neno hilo mlango lilikuwa la kweli kabisa, maana palikuwa na kizuizi cha barabara, na mtu hakupita bila kibali. Sheria ya mwaka 1926 ilizifanya wilaya za mpakani kuwa nchi zilizofungwa, na sheria nyingine ya 1934 ikakaza fundo. Mwenyeji wa ndani hakutoka ovyo, wala mgeni hakuingia ovyo. Baada ya uhuru yakaja mapigano ya shifta, tangu 1963 hata 1967, na sheria za hatari zikaendelea miaka mingi baada ya hapo. Mtu asishangae basi akisikia mzee wa Marsabit akisema, "Mwanangu amekwenda Kenya," naye mwana yuko Nairobi tu. Mzee hafanyi mzaha. Asema kama alivyozoea kuona.

Mji wenyewe wa Isiolo una misikiti, maduka ya vitambaa, soko la mifugo, na nyama ya ngamia kwa mwenye kuitaka. Kuna Wasomali ambao wazee wao walikuwa askari wa Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza wakapewa ruhusa ya kukaa hapo, na kuna Waborana, Wameru, Wasamburu na Waturkana. Yafaa kununua mahitaji yote hapa, hasa dawa na gurudumu la pili la akiba, kwa sababu mbele bei hupanda na vitu hupungua.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni Archer's Post, na mto Ewaso Ng'iro. Mto huu ndio mama wa mbuga tatu zilizokaribiana: Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Hapa mtu aliyezoea wanyama wa Nairobi na Amboseli ataona wengine wasiofanana nao: punda milia wa Grevy, mwenye milia myembamba na masikio makubwa ya mviringo, twiga ambaye madoa yake yamechorwa kama nyavu, choroa mwenye pembe mbili ndefu kama mikuki, na swala twiga asimamaye kwa miguu miwili akila majani ya juu, ambaye aweza kukaa muda mrefu bila kunywa. Katika Buffalo Springs maji safi yabubujika ardhini, baridi kiasi cha kumshangaza mtu aliyetoka vumbini.

Lakini mto huo hauzaliwi hapo. Watoka milima ya Kenya na Nyandarua, na huko juu wako wakulima wengi wauchotao kwa mifereji na pampu. Wakati wa kiangazi maji hupungua, na kuna miaka ambayo mchanga huonekana mtupu pale ambapo mamba walikuwa wakilala. Mwenye shamba la maua au la kabichi karibu na Nanyuki hamwoni Msamburu aliye kilomita mia chini yake akichimba mchanga kwa bakuli. Haya si mambo ya kupita haraka katika motokaa ukitazama ndovu tu.

Baada ya Archer's Post mlima Ololokwe wasimama peke yake, kichwa chake kimekatwa sawasawa kama meza. Wasamburu wauheshimu kwa ibada zao. Kisha Merille na Laisamis, miji ya soko la mbuzi, na jangwa la Kaisut lenye joto la kuchosha. Hapa hapana mengi ya kusimulia. Macho yatafuta kivuli, na kivuli hakipo.

Halafu ghafula barabara yaanza kupanda, na hewa yageuka. Asiyefika Marsabit hawezi kusadiki. Mlima huu ni wa volkeno ya kale, mita 1,700 hivi juu ya bahari, na pande zake zote ni jangwa. Upepo utokao mashariki una unyevu kidogo usioonekana chini. Ukigonga mlima hupanda, hupoa, na kuwa ukungu. Asubuhi mji wote wa Marsabit hufunikwa, watu huvaa makoti mazito, na ng'ombe hutokea katika ukungu kama vivuli. Miti ya msitu hukinga ukungu huo. Ndevu za kijani zinazoning'inia matawini hudondosha matone mchana kutwa, na matone hayo hushuka ardhini hata kuzilisha chemchemi. Mlima wote hauna mto wa kudumu hata mmoja. Msitu ndio mto wake.

Ndani ya mbuga ya Marsabit mna mashimo makubwa ya volkeno ambayo wenyeji huyaita gof. Moja lina ziwa dogo, na mahali hapo Wamarekani wawili, Martin Johnson na mkewe Osa, walikaa katika miaka ya 1920 wakipiga picha za sinema za wanyama, wakaliita Ziwa Paradiso. Mwaka wa mvua ziwa hujaa na nyati huja ukingoni jioni. Mwaka wa kiangazi kikali hubaki matope.

Hapa ndipo alipokaa Ahmed, ndovu mashuhuri kuliko wote wa Kenya. Pembe zake zilikuwa ndefu hata karibu ziguse chini, na watu waliogopa kwamba wawindaji wangemwua kwa ajili yake. Mwaka 1970 Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda mnyama huyo mmoja kwa sheria, na askari wakawekwa kumfuata. Akafa mwaka 1974 kwa uzee wake mwenyewe, jambo ambalo wenzake wengi hawakulipata. Mifupa yake iko katika Jumba la Makumbusho Nairobi, na sanamu yake yasimama uani, ambapo watoto wa shule hupigwa picha kila siku bila kujua alitoka mlima gani.

Ahmed alilindwa, msitu haukupata bahati hiyo. Mji umekua. Watu waliopoteza mifugo kwa ukame hushuka kutoka jangwani na kujenga vibanda kandokando ya Marsabit, nao hawana kazi ila kukata kuni na kuchoma makaa. Nani atamlaumu mama aliyebeba mzigo wa kuni mgongoni apate unga wa jioni? Walakini kila mti ukatwao ni tone lisilodondoka, na mji ule ule ambao wanunua kuni zake hungoja maji kwa punda na kwa malori, madebe yamepangwa foleni tangu alfajiri. Wazee wa mahali wasema chemchemi zilizokuwa zikitiririka walipokuwa watoto siku hizi ni unyevu tu. Kazi ya kuulinda msitu yawahusu askari wa wanyama na wa misitu, ndiyo. Lakini haiwezekani mpaka mama yule apate moto wa namna nyingine.

Chini ya mlima, mahali paitwapo Ulanula, viko visima vinavyoitwa na wageni visima viimbavyo. Kisima chenyewe hakiimbi. Waimbao ni watu. Vijana husimama ndani ya shimo katika ngazi, mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, wakirushiana ndoo kutoka mkono hata mkono, na wimbo ndio unaoshika mwendo ili ndoo isianguke. Zamani ndoo zilikuwa za ngozi ya twiga. Sasa ni za plastiki. Ng'ombe wakiusikia wimbo wa mwenyewe hunyanyua vichwa na kusogea.

Mgeni hufurahia sauti, lakini yafaa aulize pia juu ya sheria. Kwa Waborana kila kisima kina mwenyewe, yaani ukoo wa mtu aliyeanza kukichimba, naye huitwa aba konfi. Na yuko mwingine, aba herega, ambaye hupanga zamu: mifugo ya nani itakunywa leo, ya nani kesho, na nani ametoroka kazi ya kuzoa matope. Mtu akivunja zamu huitwa mbele ya wazee na kutozwa faini. Hakuna maandishi, wala muhuri, wala faili, na mipango hiyo imedumu vizazi na vizazi. Kuna maofisi yenye makabati kumi ambayo hayajui ni nani aliye katika zamu.

Kutoka Marsabit njia hugawanyika. Lami yaendelea kaskazini, kupita uwanda wa Dida Galgalu ambapo mawe meusi yametapakaa hata upeo wa macho, kisha Turbi, kisha Moyale. Jina la Turbi halitamkwi kwa wepesi. Mwezi wa Julai mwaka 2005 wavamizi waliingia mji huo alfajiri, wakaua watu zaidi ya 50, na miongoni mwao watoto wa shule. Ugomvi wa malisho na maji uliochanganywa na siasa ndio uliofika hapo. Asubuhi basi hupita mahali hapo bila kusimama.

Moyale ni miji miwili yenye jina moja, nusu Kenya na nusu Ethiopia, na katikati ni bonde dogo. Mwezi wa Desemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu Abiy Ahmed walifungua pamoja ofisi za mpakani ambapo hati za mtu hukaguliwa mara moja tu. Kwa watu wa Moyale, ambao shangazi yuko ng'ambo na kisima kiko huku, mpaka haukuwa kitu kikubwa tangu awali. Upande wa pili kahawa hukaangwa mbele ya mgeni, na hesabu ya saa ni ile ile ya Waswahili: asubuhi ni saa moja.

Lakini mwenye kutaka jangwa lenyewe huiacha lami hapo Marsabit na kushika njia ya magharibi. Hapo motokaa moja haitoshi. Yafaa ziwe mbili, na kiongozi mwenyeji, na maji kwa siku mbili zaidi ya zile zilizokusudiwa. Akishuka mlima ataona mbele yake uwanda mweupe usio na jani. Ni Chalbi. Zamani za kale lilikuwa ziwa. Sasa ni chumvi na udongo uliopasuka, na mchana joto huchora maji ya uongo ambayo yamewahi kumpoteza hata dereva mzoefu. Mvua ikinyesha uwanda hugeuka tope, na lori likizama hungoja siku nyingi.

Kandokando ya Chalbi ziko chemchemi, na penye chemchemi pana mji: Maikona, Kalacha, North Horr. Kalacha ina mikoma na maji ya kutosha kwa maelfu ya ngamia. Hii ni nchi ya Wagabra. Mgeni akisalimu huambiwa "Nagaa," maana yake amani, naye hujibu "Nagaa." Maamkizi hayaishi hapo; huulizwa habari za mifugo, za mvua, za njia, za watoto, na mtu akikata maneno apate kuuliza bei ya soda huonekana hana adabu. Kupiga picha bila ruhusa ni kosa. Kupeleka motokaa penye birika kabla ya ngamia hawajamaliza zamu yao ni kosa kubwa zaidi.

Mji kama North Horr waweza kumchosha mtu wa mjini kwa dakika kumi: mchanga, upepo, maduka machache, shule, zahanati, na nyumba za Wagabra zilizofunikwa kwa mikeka na ngozi, ambazo mwanamke huzifungua na kuzipakia juu ya ngamia siku ya kuhama. Akae siku mbili. Ataona jinsi habari ya wingu moja lililoonekana upande wa vilima vya Huri inavyohamisha familia ishirini.

Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha. Katika nchi kavu za Kenya wanyama wa kufugwa zaidi ya milioni 2 walikufa. Barabarani mizoga ililala pande zote, na mtu aliyekuwa na ng'ombe mia akabaki na fimbo. Ngamia walistahimili zaidi, na Waborana na Wasamburu wengi waliojivunia ng'ombe tu tangu babu zao wameanza kufuga ngamia. Hapo ndipo mtu afahamupo kwamba aba herega hapangi foleni tu.

Kutoka North Horr kuelekea kusini-magharibi njia hushuka penye mawe meusi hata Loiyangalani, na ghafula ziwa Turkana laonekana, la kijani, kubwa kama bahari. Jina la Loiyangalani kwa Kisamburu ni mahali pa miti mingi, nayo ni kweli, maana chemchemi ya maji moto imeotesha mikoma mahali ambapo pande zote ni mawe. Upepo hauna simile. Hupenya kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, ukashuka kando ya mlima Kulal, na usiku hung'oa hema. Upepo huo huo, kusini ya mji, wazungusha mitambo 365 ya umeme iliyoanza kutoa nguvu mwaka 2018, na barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ilitengenezwa ili kuileta.

Mwaka 1888 Count Teleki na Ludwig von Höhnel walifika ziwani hapo wakaliita Rudolf, jina la mtoto wa mfalme wao, na likakaa hivyo mpaka 1975. Mizigo yao ilibebwa na wapagazi wa pwani walioanza safari Pangani, wakala njaa njia nzima. Majina ya wapagazi hao hayamo katika ramani yoyote.

Maji ya ziwa ni ya magadi. Watu huyanywa wakikosa mengine, na meno huwa ya kahawia. Karibu maji yote ya ziwa hutoka mto Omo wa Ethiopia, na mwaka 2016 bwawa la Gibe III lilipofunguliwa huko, wataalamu waliogopa kwamba ziwa lingepungua na samaki kwisha. Mwaka 2018 mbuga za ziwa zikawekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kisha likatokea jambo ambalo wengi hawakulitazamia: ziwa likapanda. Katika kijiji cha Komote cha Waelmolo, kabila dogo la wavuvi, maji yalizunguka njia ya bara, na watoto wakawa hawana budi kwenda shule kwa mashua, penye mamba. Hivyo mzee wa Komote aliyeonywa kwamba maji yatakimbia ameyaona yakibisha mlangoni. Hofu ya Omo haijakwisha kwa sababu hiyo. Mashamba ya kumwagiliwa yangali yakiongezwa huko juu.

Mbuga ya Sibiloi iko upande wa kaskazini, mashariki ya ziwa, na mtu wa Loiyangalani hurudi kwanza hata North Horr ndipo apate njia yake. Iliwekwa mwaka 1973 kwa sababu ya mifupa. Hapo Koobi Fora, mwaka 1972, Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu ambalo umri wake ni karibu miaka milioni 2, nalo likatangazwa duniani kote kwa namba yake, 1470. Ng'ambo ya ziwa, mwaka 1984, Kamoya Kimeu aliokota kipande cha kwanza cha mifupa ya kijana aliyekufa miaka milioni moja na nusu iliyopita. Sifa kubwa ilikwenda kwa wakuu wa safari, lakini macho yalikuwa ya watu hawa, ambao hawakusoma chuo kikuu.

Cha kustaajabisha zaidi kwa mtu aliyetoka Marsabit ni miti ya mawe. Magogo manene yamelala juani, pete za umri zaonekana, gome laonekana, na ukiligonga gogo lalia kama chuma. Palikuwa na msitu hapa, na mvua yake. Mtu aweza kukaa juu ya gogo kama hilo na kutazama kilomita nyingi asione mti wa kumkinga jua.

Mji wa mwisho ni Ileret, wa Wadaasanach, na mbele yake mpaka. Mwaka 2009 wataalamu walitangaza kwamba karibu na hapo wameona nyayo za watu katika matope yaliyogeuka mwamba, za miaka milioni moja na nusu, kidole gumba kimeelekea mbele kama cha mtu wa leo. Zilikanyagwa ukingoni mwa maji. Wakati wa kiangazi wanawake wa Ileret hushuka katika mto mkavu, huchimba mchanga mpaka mkono wote wazama, na hungoja maji yajikusanye, bakuli kwa bakuli, mpaka dumu lijae. Mafuta ya motokaa hapo si ya kutegemea. Mwenye safari huyachukua tangu Marsabit, ya kwenda na ya kurudi, na huondoka kabla ya jua kuchomoza.